Video ikigoma kwenye kivinjari, uliza nani hajalipa

Katikati ya mwaka 2009, Ian Hickson, aliyekuwa mhariri wa kiwango kipya cha kurasa za wavuti, HTML5, aliwaandikia wenzake kwamba katika jambo moja mwafaka umeshindikana. Kiwango hicho kilikuwa kimeleta kitu kilichosubiriwa kwa muda mrefu: namna ya kuweka video kwenye ukurasa kama inavyowekwa picha ya kawaida, bila msomaji kulazimika kwanza kusakinisha programu ya pembeni. Kilieleza mambo mengi, kuanzia kitufe cha kuchezesha hadi kiwango cha sauti, isipokuwa fomati ya video yenyewe. Rasimu za awali zilikuwa zimependekeza Theora, fomati huria, lakini pendekezo hilo liliondolewa Desemba 2007 baada ya kupingwa na Nokia na Apple. Sasa Hickson akaorodhesha msimamo wa kila mtengenezaji wa kivinjari. Apple haikutaka Theora, kwa hoja kwamba hakuna chipu zinazoisaidia na kwamba haijulikani nani anaweza kuibuka na hataza dhidi yake. Mozilla na Opera hazikutaka H.264, mpinzani wa Theora, kwa sababu ya ada na masharti ya leseni. Google iliziweka zote mbili kwenye Chrome, ila ikasema Theora haina ubora wa kubeba mzigo wa YouTube. Microsoft haikuahidi chochote. Sehemu iliyokuwa ikisubiri kutaja fomati ya lazima ikafutwa.

Hadi leo kiwango hicho hakitaji fomati yoyote kuwa ya lazima. Wengi wakikutana na video isiyocheza hudhani ni uzembe wa mafundi, au kwamba kivinjari chao kimepitwa na wakati. Mara nyingine ni kweli. Lakini ukifuatilia historia ya miaka hii, unaona ugomvi wa fomati haukuwa wa ufundi kwa kiasi kikubwa. Ulikuwa wa nani anamiliki njia ya kubana picha, na nani atalipa wengine wakiitumia. Fomati inayocheza kila mahali leo, H.264, haikushinda kwa kuwa bora kuliko zote, wala kwa kuwa huru. Ilishinda kwa sababu bili yake ilikwishalipwa na mtu mwingine kabla mtazamaji hajabonyeza kitufe.

Kwanza tuangalie kinachotokea video inapogoma. Tangu mwaka 2017, iPhone zenye uwezo huo hurekodi video kwa fomati ya HEVC, ambayo pia huitwa H.265. Harusi inarekodiwa, faili linapandishwa kwenye tovuti kama lilivyo. Kwenye simu iliyolirekodi linacheza vizuri kabisa. Kwenye laptop ya mtu mwingine muziki unasikika, vigelegele vinasikika, skrini ni nyeusi tii. Aliyepandisha anaapa kuwa faili ni zima, na hasemi uongo. MP4 na MOV ni majina ya makontena, na kama kontena la bandarini, maandishi ya ubavuni hayakuambii kilichomo ndani ni nguo au vipuri. Ndani mna mkondo wa picha uliobanwa kwa kodeki moja, yaani njia ya kubana na kufungua, na mkondo wa sauti uliobanwa kwa kodeki nyingine. Kivinjari cha laptop kiliweza kufungua sauti, kwa kuwa kodeki ya sauti ya AAC inajulikana karibu kila mahali, kikashindwa na picha. Ndiyo maana ushauri wa kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili ziwe .mp4 haujawahi kumsaidia mtu.

Hata vivinjari vyenyewe havithubutu kuahidi. Ukurasa unaweza kukiuliza kivinjari, kabla ya kupakua chochote, kama kinaimudu fomati fulani. Kiwango kimekipa kivinjari majibu matatu tu: yaelekea, labda, na jibu tupu lisilo na herufi hata moja. Jibu la “ndiyo” halimo. Mwenye tovuti anayetaka uhakika huishia kuandaa nakala mbili au tatu za video ileile na kuzipanga kwa mstari. Kivinjari hushuka nazo kutoka ya juu, kikachukua ya kwanza kinayodhani kinaiweza.

Kabla ya HTML5 mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa namna nyingine. Kulikuwa na programu za pembeni, RealPlayer, QuickTime, Windows Media, kila moja na fomati zake na kisanduku chake kwenye ukurasa, mpaka Flash ilipozifunika zote. YouTube ilianza mwaka 2005 ikitegemea Flash, na kwa miaka kadhaa swali la kivinjari gani kinacheza nini likawa limelala, kwa kuwa aliyecheza video hakuwa kivinjari bali programu ya kampuni moja. iPhone haikuikubali Flash tangu ilipotoka mwaka 2007. Adobe, mmiliki wa Flash, yenyewe iliizika rasmi mwisho wa mwaka 2020.

Tukirudi kwenye vita vya 2009, hesabu za leseni zinaeleza mengi kuliko hotuba za wahandisi. Hataza za H.264, kiwango kilichopitishwa mwaka 2003, zilikuwa zimekusanywa kwenye bwawa moja lililosimamiwa na MPEG LA. Kila nakala ya programu yenye uwezo wa kufungua H.264 ilitozwa ada baada ya nakala 100,000 za mwanzo, na wakati ule kampuni moja ingeweza kufikishwa hadi dola milioni 5 kwa mwaka. Kwa Microsoft au Apple, ambazo zenyewe zilikuwa na hataza ndani ya bwawa hilo, ada hiyo haikuwa ya kukosesha usingizi. Kwa Mozilla, shirika linalogawa Firefox bure, fedha zilikuwa nusu tu ya tatizo. Firefox ni programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuibadilisha na kuigawa upya. Leseni ambayo Mozilla ingeilipia isingewafikia hao waliopokea kutoka kwake. Kuikubali kungekuwa sawa na kuwapa watu programu huru yenye kiungo kimoja wasichoruhusiwa kukigusa.

Google ikajaribu kulivunja fundo hilo kwa pesa. Mwanzoni mwa 2010 ilikamilisha ununuzi wa On2, kampuni ileile ambayo kodeki yake ya zamani ndiyo iliyozaa Theora, na Mei mwaka huo ikaiachia dunia VP8 bure, ndani ya kontena liitwalo WebM. Agosti, MPEG LA nayo ikatangaza kwamba video zinazotazamwa bure mtandaoni hazitatozwa ada ya H.264 milele, ada iliyobaki ilikuwa kwa watengenezaji wa programu na vifaa. Januari 2011 Google ikasema itaiondoa H.264 kwenye Chrome. Haikuiondoa. Mozilla ilisubiri tangazo hilo litimie kwa zaidi ya mwaka, na Machi 2012 Brendan Eich, aliyekuwa mkuu wake wa teknolojia, akaeleza hadharani kwa nini hawawezi kuendelea kushika msimamo peke yao. Simu za mkononi zilikuwa zimekwisha kuamua: chipu zake zilifungua H.264, na kivinjari kilichokataa kuitumia kilimpa mtazamaji ukurasa mtupu.

Njia ambayo Mozilla ilipita ndiyo inayonishawishi zaidi kuhusu hoja hii. Firefox haikulipia leseni. Ilianza kuiazima kodeki iliyomo kwenye Windows au Android, ambayo Microsoft au mtengenezaji wa simu alikwishaigharimia. Na kwa mazungumzo ya video ya moja kwa moja, Oktoba 2013 Cisco ilijitolea kuweka wazi programu yake ya H.264 na kulipa mirabaha kwa niaba ya kila anayeipakua kutoka kwenye seva zake. Mpaka leo Firefox huipakua programu hiyo kutoka Cisco, si kutoka Mozilla, kwa kuwa uhalali wake unategemea imetoka kwenye seva ya nani. Programu ileile, neno kwa neno, ukiijenga mwenyewe nyumbani, haina kinga hiyo ya malipo.

Kwa anayedhani bado ni suala la uwezo wa mashine, mfano wa YouTube na Safari unatosha. YouTube ilipohamia VP9, mrithi wa VP8, video zake za 4K ziligawiwa kwa fomati hiyo. Safari haikuwa na VP9 hadi mwaka 2020. Kwa miaka kadhaa, mtu mwenye kompyuta ya Mac ya bei mbaya alifungua video kwa Safari asiione 4K. Akaifungua kwa Chrome kwenye mashine hiyohiyo, chipu ileile, kioo kilekile, akaiona. Kwenye iPhone hata mlango huo wa pembeni haukuwepo, kwa sababu Apple ililazimisha kila kivinjari cha simu hiyo kitumie injini ya Safari. Kuwa na Chrome au Firefox kwenye iPhone kulikuwa ni kubadilisha nembo tu, sharti ambalo Apple ililegeza mwaka 2024, tena kwa nchi za Umoja wa Ulaya.

HEVC, iliyopitishwa mwaka 2013, ilikusudiwa kupunguza ukubwa wa video hadi karibu nusu ya H.264 kwa ubora uleule, na kwa kiasi kikubwa ilifanikiwa. Ikakwama kwenye kulipana. Badala ya bwawa moja la hataza yakaibuka matatu, MPEG LA, HEVC Advance na Velos Media, na bado kulikuwa na wenye hataza waliobaki nje ya yote. Mtengenezaji wa kivinjari hakujua jumla ya bili itakuwa ngapi wala itatoka kwa nani. Windows ilifikia hatua ya kuuza nyongeza ya HEVC kwa senti 99 za dola dukani kwa Microsoft, wakati mwingine kwa mtu ambaye chipu ya laptop yake ilikwishakuwa na uwezo huo. Chrome ilianza kuicheza mwaka 2022 tu, na pale tu kifaa chenyewe kinapoifungua kwa chipu. Firefox ikafuata kwenye Windows mwaka 2025 kwa utaratibu huohuo. Vivinjari hivi viwili vinasubiri kifaa kijitokeze na risiti mkononi.

Kuna jibu la haki kwa yote haya: waliovumbua wanastahili kulipwa. Kubana video ni kazi nzito ya hisabati iliyofanywa kwa miaka na maabara za vyuo na kampuni, na bila mirabaha huenda baadhi yao wasingewekeza. Sina ugomvi na hilo, na naona waliolipuuza walijidanganya. Ila H.264 na HEVC, zikiwekwa bega kwa bega, zinaonyesha kwamba tatizo halikuwa malipo kuwepo. Zote zilikuwa za kulipia. Moja ilikuwa na mlango mmoja wa kulipia, bei iliyoandikwa ukutani na kikomo cha mwaka. Nyingine ilikuwa na milango mitatu na watu wengine wakisubiri uani. Ya kwanza imo karibu kwenye kila simu duniani. Ya pili, pamoja na ubora wake, imebaki fomati ya kamera, televisheni na vifaa vya Apple, na kwenye wavuti inabahatisha.

Wengine watasema AV1 imemaliza mjadala. Septemba 2015 Amazon, Cisco, Google, Intel, Microsoft, Mozilla na Netflix ziliungana kutengeneza kodeki isiyo na mrabaha, Apple ikajiunga baadaye, na AV1 ikatoka Machi 2018. Wahandisi wa Facebook walipoipima mwaka huo waliona inaokoa karibu nusu ya data ikilinganishwa na H.264. Ni kazi kubwa, na ningependa ishinde. Hata hivyo, mwaka 2019 kampuni ya Sisvel ilifungua bwawa lake la hataza ikidai kuwa wateja wake wanamiliki sehemu ya AV1, kwa bei ya euro 0.32 kwa kifaa chenye skrini. Mwaka 2022 Kamisheni ya Ulaya ikachunguza masharti ya muungano uliotengeneza AV1, yaani kama kuwataka washiriki watoe hataza zao bure ni kuwabana wavumbuzi. Uchunguzi ukafungwa mwaka uliofuata bila kumtia mtu hatiani. Hata bila madai hayo, Safari ilianza kuicheza AV1 mwaka 2023 kwenye vifaa vyenye chipu ya kuifungua tu, kama iPhone 15 Pro. Bure ya leseni haijawa bure ya chipu.

Theora nayo inatoa ushahidi mchungu. Fomati iliyopendekezwa kwenye rasimu za mwanzo kwa sababu ilikuwa huru iliondolewa kwenye Chrome mwaka 2024, Google ikisema watumiaji wake ni wachache mno na kila kodeki ya zamani ni mwanya kwa wadukuzi. Wikimedia, inayoendesha Wikipedia ikiwemo ya Kiswahili, ilishikilia fomati huria kwa imani. Mwaka 2014 wachangiaji wake walijadili kuiruhusu MP4 wakaikataa, na matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi mwenye iPhone alihitaji programu maalumu iliyoandikwa kwa JavaScript, inayofungua video polepole ndani ya ukurasa, ili aone klipu ya dakika moja. Msimamo huo nauheshimu. Lakini gharama yake haikulipwa na waliopiga kura.

Na hapa ndipo suala linapofika Afrika Mashariki, kwa kuwa mtazamaji wetu analipa mara mbili. Klipu ya dakika 10 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 75. Kwa anayenunua bando la siku, kuipunguza hadi 40 ni tofauti kati ya kutazama na kuacha. Netflix ilipoanza kutuma AV1 kwenye Android Februari 2020, ilianza hasa na waliochagua kubana matumizi ya data. Kwa hiyo fomati mpya zingemfaa zaidi mwenye simu ya bei ya chini, na ndiye asiyekuwa na chipu yake. Simu hiyo ikiweza kuifungua AV1, huifungua kwa nguvu ya kichakataji kikuu. Bando linapona, betri inateketea na simu inachemka. Anayetumia Opera Mini katika hali ya kubana zaidi, ukurasa huchakatwa kwenye seva za Opera na kuletwa ukiwa umepunguzwa, na video haichezi ndani ya ukurasa kabisa. Hukabidhiwa kichezaji cha simu, ambacho nacho kina orodha yake ya inachokijua.

Ushauri wa haraka unaotolewa kwenye vyumba vya habari na ofisi za umma ni kwamba video zote zipelekwe YouTube na yaishe. Kama suala ni kuonekana leo tu, ushauri ni mzuri. YouTube huandaa nakala za H.264, VP9 na AV1 kwa ukubwa mbalimbali, na mwaka 2021 Google ilitangaza kuwa imetengeneza chipu yake yenyewe kwa kazi hiyo ya kubana. Redio ya jamii au halmashauri haina chipu hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba taasisi nyingi, zikishapandisha, hufuta faili la asili ili kupata nafasi kwenye diski. Kikao cha baraza, hotuba, mahojiano na mzee aliyekwisha kufariki, vyote vinabaki nakala moja iliyobanwa upya, kwenye akaunti inayoweza kufungwa, chini ya masharti yanayobadilishwa bila taasisi kuulizwa. Kulikwepa swali la fomati kwa njia hiyo ni kumwachia mwingine alijibu, na jibu lake linafuata hesabu zake.

Kwa tovuti ndogo, nadhani uamuzi wa busara ni ule usiosifiwa kwenye mikutano ya teknolojia: MP4 yenye H.264 na sauti ya AAC iwe ya lazima, na AV1 iwe ya ziada, ikitangulizwa kwenye orodha ili mwenye kifaa kipya aokoe data na mwenye simu ya zamani aangukie nakala ya pili. Kodeki pekee haitoshi, kwa kuwa MP4 nyingi zinazotoka kwenye programu za uhariri huwa na faharasa yake mwishoni mwa faili, na kivinjari hakiwezi kuanza kucheza kabla ya kuipata. Kikiwa na bahati, seva itakiruhusu kirukie mwisho. Kikikosa, kitapakua faili zima huku duara likizunguka na mtazamaji akilaumu mtandao. Kuihamishia faharasa mwanzoni ni kazi ya sekunde chache isiyogusa picha wala sauti, na programu huria ya FFmpeg huifanya kwa amri moja.

Anayeona aibu kutegemea fomati ya mwaka 2003 akumbuke kilichoipata MP3. Wenye hataza zake walifunga mpango wa leseni mwaka 2017, na fomati iliyokuwa ikikwepwa na watengenezaji wa programu huria sasa inachezwa na yeyote bila kuomba ruhusa. Hataza hudumu miaka 20. Nyingi za H.264 zimekwisha muda au zinakaribia. Gharama inayobaki kwa mwenye tovuti ni diski ya kutunza faili la asili pamoja na nakala mbili za kugawa, na hiyo angalau ni bili inayofika mezani kwake ikiwa na jina lake, akaijadili kwenye bajeti.